Baridi ya Julai: Chagua Kuni Kavu, Toa Jiko Nje Kabla ya Kulala

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Ngong, Kiserian, Ongata Rongai, Kitengela na Isinya huamka chini ya wingu zito ambalo siku nyingine haliachii jua hadi jioni. Usiku, katika maeneo haya yanayopakana na Nairobi, joto hushuka hadi karibu nyuzi 11 au 12. Kwa mkazi wa Magadi, aliye takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, hizi ni habari za watu wengine. Huko shida ni jua. Lakini kwa anayelala chini ya mabati karibu na vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kinafika mita 2,460, baridi ya Julai ni jambo la kupangiwa bajeti kama karo ya shule.

Nyumba zetu nyingi hazikujengwa kwa ajili ya baridi. Nyumba ya mawe yenye sakafu ya vigae, kama zilivyo nyingi mjini Kitengela, hubeba baridi ya usiku hadi mchana. Chumba cha mabati hupoteza joto mara tu jua linapotua. Hita ya umeme humaliza tokeni kabla ya wiki kuisha. Kwa hivyo watu hurudi kwa moto. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya za Kenya hutumia kuni kama nishati yao kuu ya kupikia, na moto huo wa kupikia ndio huo huo unaoota watoto jioni.

Somo la toleo hili ni jinsi ya kuupata moto unaopasha nyumba kwa kuni chache, bila moshi mwingi, na bila kumpoteza mtu. Tutaanza na hilo la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja.

Makaa yaliyokolea ndiyo ya kuogopa

Watu wengi huogopa moshi. Wanawasha jiko nje, wanapepea, wanangoja hadi makaa yawe mekundu na moshi uishe, kisha wanaliingiza chumbani wakiamini kwamba hatari imebaki nje. Sivyo. Moshi huwasha macho, hukohoza, hukufukuza ndani ya nyumba. Makaa mekundu hayana onyo la aina hiyo.

Makaa yakipata hewa ya kutosha hutoa kaboni dioksaidi. Lakini katikati ya rundo la makaa, na chini ya jivu, oksijeni haifiki vizuri, na hapo hutoka kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa, jiko linaendelea kula oksijeni iliyomo, na kadiri inavyopungua ndivyo hewa hii ya sumu inavyoongezeka. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu anaendelea kupumua kama kawaida, lakini damu yake haibebi tena kile anachokihitaji.

Dalili zake hudanganya. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakuwa mizito, akili inachanganyikiwa. Mtu husema ni homa ya baridi, ama ni uchovu wa kazi, na anaamua kulala. Aliyelala hawezi kuhisi dalili. Aliyekunywa pombe ndiye yuko hatarini zaidi, kwa kuwa hata akiamka hatajua kinachomsumbua. Mjamzito na mtoto mchanga huathirika mapema kuliko wengine. Kuna ishara moja ambayo ni afadhali kila mtu aijue: kama watu wawili au watatu ndani ya nyumba wanaumwa na kichwa kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, usitafute dawa ya maumivu. Ni jiko.

Yapo mambo yanayosemwa mitaani ambayo hayasaidii. Beseni la maji kando ya jiko halinyonyi kaboni monoksaidi, kwa sababu hewa hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Kitambaa kibichi hakisaidii. Maziwa hayaondoi sumu hii mwilini, hata kama yamesaidia katika mambo mengine. Dirisha lililoachwa wazi kidogo ni bora kuliko dirisha lililofungwa, lakini si ruhusa ya kulala na jiko.

Njia salama ni hii. Washa jiko nje. Liingize wakati watu wote wako macho na mlango au dirisha liko wazi, pasha chumba, kisha litoe nje kabla mtu yeyote hajalala. Liweke mbali na mlango, mahali ambapo mtoto hatalikanyaga na upepo hautarudisha hewa ndani. Wanaoishi kwenye ploti zenye vyumba vilivyopangana kwa korido moja wawe waangalifu zaidi: jiko lililotolewa chumbani na kuachwa kwenye korido iliyofungwa halijatolewa nje. Limepelekwa kwa jirani.

Angalia pia yale matundu ya hewa juu ya madirisha. Kila Julai huzibwa kwa magazeti na matambara ili baridi isiingie. Chumba ambacho huwashwa jiko, hata kwa saa moja, hakifai kuzibwa matundu. Baridi ya kitandani ina dawa nyingine: blanketi la pili, soksi, gunia au mkeka chini ya godoro, tambara chini ya mlango wa chumba kisicho na moto, na chupa ya mpira ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo. Moto uliochemsha maji hayo ulishatolewa nje zamani, na joto bado liko miguuni.

Ukimkuta mtu amezirai katika chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi, na usikae ndani ukijaribu kumwamsha. Piga 999 au 112, au mpeleke hospitalini kwa gari la kwanza linalopatikana. Akiwa kwenye hewa ya kawaida, mwili huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza nusu tu ya sumu iliyo kwenye damu. Akipewa oksijeni hospitalini, muda huo hupungua hadi saa moja na nusu hivi au chini ya hapo. Ndiyo maana kungoja asubuhi ni kosa hata kama ameanza kuzungumza. Na mwambie daktari waziwazi kwamba kulikuwa na jiko chumbani, kwa sababu bila kuambiwa huenda akaanza na vipimo vya malaria.

Moshi wa nyumba ya kimaasai, na kilichojaribiwa hapa kwetu

Kwenye enkaji, nyumba ya kimaasai inayojengwa na kina mama kwa fito, udongo na kinyesi cha ng'ombe, meko iko ndani na dirisha ni tundu dogo. Nyumba hiyo hushika joto vizuri kuliko nyumba nyingi za kisasa. Waliowahi kulala ndani yake wanajua. Bei ya joto hilo hulipwa na macho na mapafu ya mama na watoto wadogo, wanaokaa karibu na meko kwa saa nyingi kila siku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa maradhi yanayotokana na moshi wa ndani ya nyumba.

Wengi hawakumbuki kwamba suluhisho la tatizo hili lilijaribiwa Kajiado. Kati ya 1998 na 2001, shirika la ITDG, ambalo sasa huitwa Practical Action, lilifanya kazi na familia za Kajiado na za magharibi mwa Kenya, jumla ya kaya 50, kutafuta njia za kupunguza moshi. Familia zenyewe zilichagua za kujaribu: madirisha makubwa zaidi, nafasi za hewa chini ya paa, majiko yaliyoboreshwa, na mwavuli wa bati unaowekwa juu ya meko, wenye bomba linalotoa moshi nje ya paa. Moshi ulipimwa kabla na baada. Mwavuli wenye bomba ndio uliofanya kazi kubwa zaidi. Vipimo vya moshi ndani ya nyumba zilizowekewa vilishuka kwa zaidi ya nusu. Madirisha yalisaidia pia, ila kwa kiasi kidogo.

Maoni ya mwandishi ni kwamba mwavuli huo ungestahili kuonekana katika boma nyingi kuliko unavyoonekana leo. Fundi yeyote wa mabati anayetengeneza mabomba ya maji ya mvua anaweza kuutengeneza. Jambo la kuangalia ni bomba lipite juu ya paa na lisiguse fito wala nyasi.

Usinunue maji kwa bei ya kuni

Sasa tuje kwenye kuni zenyewe. Swali la kwanza watu huuliza ni mti gani unawaka vizuri. Ni swali zuri, lakini ni la pili. La kwanza ni kama kuni zimekauka.

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayofika nusu ya uzito wake. Kuni zilizopasuliwa na kuanikwa vizuri hubaki na maji ya asilimia 15 hadi 20. Chukua mizigo miwili ya kilo 20 kila mmoja, kwa bei moja. Mzigo mbichi una kilo 10 za kuni na kilo 10 za maji. Mzigo mkavu una kilo 16 za kuni na kilo 4 za maji. Kabla ya mzigo ule mbichi kukupasha joto, ni lazima kwanza moto uyachemshe yale maji yote hadi yawe mvuke. Ni kama kuweka sufuria ya lita 10 juu ya moto na kuichemsha hadi ikauke kabisa, jioni hiyo hiyo unayotaka kuota. Ukipiga hesabu ya joto linalobaki, mzigo mkavu unatoa karibu mara 1.8 ya ule mbichi. Na hapo hatujahesabu moshi: kuni mbichi huwaka kwa moto baridi, sehemu ya kile ambacho kingekuwa mwali hutoka kama moshi mzito na masizi, na pia kama kaboni monoksaidi.

Muuzaji wa kuni kando ya barabara hatakuambia zilikatwa lini, au atakuambia zimekauka. Zikague mwenyewe. Tazama ncha zake: kuni kavu huwa na nyufa zinazotoka katikati kama miale. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa mlio mkali, vibichi hutoa mlio mzito uliokufa. Ganda la kuni kavu hubanduka kwa kucha. Pasua kipande kimoja na uweke upande wa ndani shavuni. Ukihisi ubaridi na unyevu, bado. Nje pakiwa pakavu na ndani pabichi, kuni hizo zilianikwa bila kupasuliwa.

Kwa anayenunua pikapu nzima, au anayehifadhi kuni za shule au kanisa, kuna kipimo cha uhakika zaidi. Chagua vipande vitatu, viandike namba kwa kalamu ya wino mzito, na uvipime kila wiki kwa mizani. Uzito utakuwa ukishuka. Ukiona umesimama kwa wiki mbili mfululizo wakati wa kiangazi, kuni zimekauka kadiri hewa ya hapa inavyoweza kuzikausha.

Miti ya Kajiado na tabia zake

Kilo moja ya kuni kavu, ya mti wowote, hutoa joto linalokaribiana na la kilo moja ya mti mwingine. Tofauti iko kwenye uzito wa mti wenyewe. Kipande cha oltepesi na kipande cha mtarakwa vya ukubwa mmoja havina kuni sawa ndani yake. Mti mzito huwaka polepole na kuacha makaa ya kudumu; mwepesi hutoa mwali wa haraka na kuisha. Kuwasha moto unataka mwepesi. Kuota hadi saa nne usiku unataka mzito.

Miti ya jamii ya mgunga ndiyo kuni za asili za kaunti hii: oltepesi, oiti, na eluai, ule mgunga mfupi wenye vifundo vinavyokaliwa na sisimizi, unaoota kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kaputiei kuzunguka Kitengela. Yote ni mizito na makaa yake hudumu. Oloirien, yaani mzeituni mwitu, ni mzito zaidi, na ni kinga chake kinachotumika kusafishia vibuyu vya maziwa, jambo linaloonyesha kwamba moshi wake unajulikana na kuheshimiwa tangu zamani. Leleshwa ni ya pekee: ina mafuta yenye harufu nzuri, hushika moto upesi, na ikikatwa kisiki chake huchipuka tena.

Mkaratusi ni kuni nzuri ukikauka, na hupatikana kwa wingi kwa kuwa hupandwa. Upasue ukiwa mbichi. Ukikaukia mzima, utavunja mpini wa shoka. Mvinje ni mzito na huwaka vizuri sana. Mgrevilea ni wa wastani, unaofaa kwa nyumba za mashambani zinazopogoa miti ya mpakani kila mwaka. Mtarakwa na msonobari zina utomvu. Hurusha cheche na kujaza masizi kwenye bomba la moshi. Zitumie kuwashia moto, vipande vyembamba, si kwa kuota usiku kucha.

Hapa kuna jambo la kusemwa wazi. Oltepesi huchukua miaka mingi kukua, na maganda yake ya mbegu ndiyo chakula cha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Katika ukame uliotupiga kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, mfugaji aliyekuwa na oltepesi bado alikuwa na kitu cha kudondoshea mifugo yake. Kata matawi, okota yaliyokauka, acha shina. Leleshwa na eluai huchipuka kwenye kisiki zikikatwa kwa usafi na mbuzi wakizuiliwa hadi machipukizi yakue.

Makaa yanahitaji hesabu yake. Tanuri la udongo la kienyeji hugeuza kilo 6 hadi 10 za kuni kuwa kilo moja tu ya makaa. Hata ukikumbuka kwamba kilo ya makaa ina joto karibu mara mbili ya kilo ya kuni kavu, sehemu kubwa ya joto la mti imeishia porini. Aliye na meko yenye bomba la moshi atapata joto zaidi kutoka kwa mti ule ule akichoma kuni kavu kuliko akinunua gunia la makaa. Aliye katika chumba kimoja cha kupanga hana bomba, na kwake kuni ndani ya nyumba si chaguo. Ndiyo maana sehemu ya kwanza ya somo hili iliandikwa kwa ajili yake.

Zisizofaa kuingia mekoni

Kitengela ni mji unaojengwa kila siku, na mabaki ya mbao kwenye maeneo ya ujenzi huwa ni ya bure. Mbao safi zilizotumika kumwagia zege zinaweza kuchomwa zikishatolewa misumari na saruji. Plaiwudi na chipubodi zina gundi. Moshi wake si wa kuvuta. Mbao zilizopakwa rangi zikae mbali na moto, hasa rangi za zamani ambazo zinaweza kuwa na risasi.

Hatari kubwa zaidi ni nguzo zilizotiwa dawa: za ua na za stima. Zile zenye rangi ya kijani kibichi hafifu zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Nguzo ikiungua sumu haipotei. Sehemu hupanda na moshi, sehemu kubwa hubaki kwenye jivu. Jivu hilo lina ladha ya chumvi, na ng'ombe na mbuzi hupenda kulilamba; mifugo imewahi kufa kwa njia hii katika nchi mbalimbali. Likimwagwa kwenye bustani ya sukumawiki, linaingia kwenye udongo. Zile nyeusi zenye harufu ya lami nazo hutoa moshi mbaya. Masalio ya nguzo za ua yatumike tena kama nguzo, au yarudishwe kwa aliyeziuza. Yasipasuliwe kuwa kuni.

Miti yetu miwili pia iangaliwe. Olmorijoi ndio mti unaotengenezewa sumu ya mishale, na wafugaji wanaujua. Mgeni aliyenunua ploti ya robo ekari hajui. Usiuchome ndani ya nyumba, na kamwe usitumie vijiti vyake kuchomea nyama. Mnyaa, ule wa ua usio na majani, una utomvu mweupe unaoumiza macho, na moshi wake huyawasha pia.

Plastiki, mifuko, na vipande vya tairi si vya kuwashia moto. Mafuta taa yasimwagwe kwenye moto ambao tayari una kaa, hata likionekana limezimika. Ganda kavu la mkaratusi au vijiti vya leleshwa huwasha bila gharama.

Kwa nyumba zenye meko ya ukutani

Nyumba nyingi mpya za Kitengela, Ngong na Kiserian zina meko ya ukutani yenye dohani, na nyingi kati yake huvuta moshi kuuingiza sebuleni. Mara nyingi kosa ni urefu. Dohani inapaswa kupita mahali inapotoboa paa kwa angalau mita 0.9, na iwe juu kwa mita 0.6 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo, ikiwemo paa la jirani. Dohani fupi hurudishiwa moshi na upepo.

Meko ya wazi hupeleka sehemu kubwa ya joto lake angani, na huvuta hewa yenye joto kutoka vyumba vingine kuipandisha nayo. Ni nzuri kwa macho kuliko kwa joto, na anayejenga sasa afadhali aulize fundi kuhusu jiko la chuma lenye mlango na bomba. Aliye nayo tayari achome moto mdogo wa kuni kavu nzito badala ya moto mkubwa wa kuni mbichi. Kifuniko cha dohani kisifungwe maadamu kuna kaa jekundu, hata moja, kwa sababu ile ile tuliyoieleza kuhusu jiko. Masizi yaondolewe mara moja kwa mwaka, kabla ya Juni. Lami inayoachwa na kuni mbichi inaweza kushika moto ndani ya dohani na kuunguza mbao za paa.

Vibali, na kalenda ya kuni

Kuni katika misitu ya serikali, kama vile ya vilima vya Ngong na Loitokitok, huokotwa kwa kibali cha Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS), na kibali cha kuokota si kibali cha kukata mti uliosimama. Kwa makaa ya biashara, kanuni za mwaka wa 2009 zinamtaka mchomaji awe na leseni, na msafirishaji awe na cheti cha mahali makaa yalikotoka pamoja na kibali cha usafirishaji. Anayenunua magunia kwa jumla ana haki ya kuviona.

Mwezi wa kununua kuni za Julai ni Januari. Kuna jua, hewa ni kavu, na bei haijapandishwa na baridi. Zipasue unene wa mkono, zipange juu ya mawe au paleti ili mchwa wasizifikie, kando wazi upepo upite, juu pafunikwe kwa bati kabla ya mvua ya Machi. Usizifunge pande zote kwa turubai, zitaota kuvu. Na usiziegemeze kwenye ukuta wa chumba cha kulala, maana nyoka pia hupenda mahali pakavu.

Anayesoma haya Julai akiwa tayari ana kuni mbichi azipasue nyembamba zaidi, azitoe juani kila saa ambayo jua litatokea, na kila jioni aweke za kesho kando ya meko, umbali wa mita moja, zisishike moto. Anunue mzigo mdogo wa kuni kavu wa kuanzishia moto, kisha aongeze zile nyingine moja moja moto ukishakolea, mlango au dirisha likiwa wazi.